Mgonjwa Karudishwa Nyumbani: Maswali Yenu Kuhusu Siku za Mwisho na Huduma Shufaa

Barua nyingi zilizofika safari hii zina sentensi moja: "Hospitali wametuambia tumpeleke nyumbani, hakuna la kufanya tena." Kumpeleka nyumbani huenda ni ushauri mzuri. Kwamba hakuna la kufanya, si kweli. Saratani ikishasambaa au moyo ukishazidiwa, tiba ya kuponya hukoma, lakini maumivu, kichefuchefu, harufu ya kidonda, pumzi kubana na kuweweseka usiku vyote vina dawa au vina mbinu. Kazi hiyo ndiyo huduma shufaa. Kenya na Uganda wengi husema hospisi. Vipimo vya dawa tunavyotaja hapa ni vya kukusaidia kuelewa cheti ulichopewa. Mwenye kuandika dozi ni mtoa huduma aliyemwona mgonjwa.

*

Shikamooni. Mama ana miaka 68, saratani ya titi imefika kwenye mifupa. Tumepewa chupa ya mofini ya maji. Kaka yangu mkubwa ameifungia kabatini, anasema hiyo ni dawa ya kumalizia watu, na kwamba mama atakuwa teja. Usiku mama analia hadi majirani wanasikia. Tufanyeje?
Binti, Morogoro

Marahaba. Mwambie kaka afungue kabati leo hii.

Mofini inayotolewa kwa kipimo na kupandishwa taratibu haimuui mgonjwa. Sifa hiyo mbaya imetokana na mazoea ya zamani ya kuipa mgonjwa saa zake za mwisho kabisa: ugonjwa ukamaliza kazi yake, lawama ikabaki kwenye chupa. Kuhusu uteja, mtu mwenye maumivu ya saratani haitafuti dawa ili alewe. Maumivu yakipungua, dozi nayo hupunguzwa hatua kwa hatua hadi kuachwa. Kisichofaa ni kuikata ghafla, kwa sababu mwili uliokwisha kuizoea utatoka jasho, utatetemeka na kuharisha.

Kabla ya kumimina, soma namba kwenye lebo. Chupa nyingi za kuanzia zina mg 5 ndani ya ml 5, yaani mg 1 kwa kila ml 1. Lakini zipo zenye mg 50 ndani ya ml 5: kijiko kilekile, dawa mara kumi. Hospice Africa Uganda, iliyoanza kuhudumia wagonjwa Kampala mwaka 1993, huzitofautisha kwa rangi, ya kijani ikiwa hafifu na ya waridi ikiwa kali. Hata hivyo usitegemee rangi pekee, na kila unapopewa chupa mpya soma upya. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya jikoni vinapishana sana ukubwa.

Tuseme cheti kinasema mg 5 kila baada ya saa 4 na chupa yako ni ile ya mg 5 kwa ml 5. Mama atapewa ml 5 saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Saa 4 usiku wengi huandikiwa dozi maradufu, hapa ml 10, ili saa 8 usiku wote mlale. Dozi inatolewa kwa saa, hata kama kwa wakati huo haumwi. Kosa tunaloliona kuliko yote ni kungoja maumivu yarudi ndipo apewe: maumivu yaliyokwisha kupanda hutaka dawa nyingi zaidi kuyashusha, na mgonjwa anashinda siku nzima akipanda na kushuka. Yakichomoza katikati, apewe dozi ya ziada sawa na ile ya kila baada ya saa 4 (hapa ml 5, si ile maradufu ya usiku), kisha ya kawaida ifuate kwa saa yake. Andika kila ziada kwenye daftari. Zikifika mbili au tatu kwa siku, mpigie muuguzi. Maana yake dozi yake ya kawaida haitoshi.

Choo kitafunga. Kichefuchefu huisha baada ya siku chache na usingizi wa mwanzo hupungua siku ya pili au ya tatu (sehemu ya usingizi huo ni deni la usiku aliokesha), lakini kufunga choo hakuzoeleki, na mgonjwa asiyepata choo siku nne atakataa mofini yenyewe. Kwa hiyo dawa ya kulainisha, kwa kawaida bisakodili mg 5 hadi 10 usiku, ianze siku moja na mofini. Wahudumu wa hospisi katika nchi zetu hufundisha pia kutafuna mbegu za papai zilizokaushwa, wakati wa kulala. Zinachoma ulimi kama pilipili manga, ila zinasaidia.

Usitoe dozi inayofuata, na piga simu haraka, kama mama haamki kabisa unapomtikisa au anavuta pumzi chini ya 8 kwa dakika. Misuli ikianza kushtukashtuka huku mkojo umepungua, mweleze muuguzi: figo hazitoi tena dawa ipasavyo, na dozi inahitaji kupunguzwa au kupewa nafasi zaidi.

Na kwa kuwa ni mifupa, mofini peke yake mara nyingi haitoshi. Uliza kuhusu kuongeza parasetamoli na dawa ya jamii ya ibuprofeni. Uliza pia mionzi: kwa mfupa unaouma, mara nyingi hutolewa mara moja tu, na inapatikana Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Kuna dalili moja isiyongoja miadi. Mama akisema miguu imekufa ganzi, akashindwa kusimama, au mkojo ukagoma kutoka huku mgongo unauma, uvimbe unabana uti wa mgongo. Siku hiyohiyo apelekwe hospitali, hata kama mlishaambiwa hakuna la kufanya.

*

Baba ana saratani ya ini. Hii siku ya nne hajala. Shangazi anamkalisha kwa nguvu na kumnywesha uji, anakohoa mpaka macho yanamtoka. Ndugu wengine wametafuta nesi aje atundike dripu nyumbani. Mimi naona anateswa, lakini naogopa kuambiwa nimemuua baba kwa njaa.
Mwana wa kiume, Likoni

Unachokiona ni sahihi. Mwili unaofunga kazi hauombi chakula. Tumbo halisukumi tena, ini halichakati, na njaa yenyewe huzimika. Kutokula huko ni matokeo ya kufa, na uji hauwezi kukirudisha kifo nyuma.

Hatari iliyopo sasa iko kooni. Kikohozi unachokisikia, au sauti iliyolowa baada ya kumeza, maana yake uji unaingia kwenye njia ya hewa, na hapo atapata nimonia. Shangazi na aache kumlazimisha, ila msimfukuze kitandani, kwa sababu ameshika kijiko akiwa hana njia nyingine ya kuonyesha upendo. Mpeni kazi ya kinywa. Hiyo ndiyo inayomfaa baba kuliko bakuli zima la uji.

Inafanywa hivi. Chukua glasi ya maji safi na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Funga kitambaa laini kwenye kidole, chovya, kamua kisichuruzike, kisha pangusa ulimi, ufizi na ndani ya mashavu. Rudia kila baada ya saa 2, na midomo ipakwe mafuta ya nazi kila mara. Kiu ya mtu anayekufa zaidi ni ukavu wa kinywa, na ukavu huo unatulizwa na kitambaa hicho kuliko lita nzima ya maji mshipani. Ukiona utando mweupe unaoganda, ni fangasi. Omba dawa ya matone.

Kama bado anataka kuonja, aonje. Mkalishe wima, kidevu kielekee kifuani, umpe nusu kijiko cha chai, ungoje ameze, ndipo umpe kingine. Uji mzito kidogo ni salama kuliko chai, maana majimaji huteleza kooni kabla hajajiandaa. Akiubakisha mdomoni bila kumeza, amemaliza. Utoe kwa kidole chenye kitambaa.

Dripu tunaishauri pale mtu anapoharisha au kutapika kwa sababu inayotibika. Kwa mtu wa siku za mwisho, moyo na figo haviyamudu tena yale maji. Yanaishia miguuni, tumboni (na mgonjwa wa ini tayari tumbo lake limejaa) na mapafuni, kisha usiku mtasikia mkoromo wa makohozi na kuanza kutafuta dawa ya kitu mlichokileta wenyewe. Nesi akija, mwambieni awasaidie kumgeuza ubavu na kuangalia ngozi ya mgongoni. Atakuwa ameifanyia kazi nauli yake.

*

Bibi yangu anatumia mofini na amesisitiza kufunga Ramadhani. Dawa ya mchana tuiache?
Wete, Pemba

Msiiache. Dozi zikirukwa kuanzia alfajiri hadi magharibi, jioni atakuwa na maumivu ambayo dozi yake ya kawaida haitayashika. Mgonjwa ana ruhusa iliyotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, na asiyetarajia kupona hulishiwa masikini kwa kila siku. Mwiteni sheikh anayemwamini amweleze mwenyewe, maana kutoka kwa mjukuu maneno hayo hayatakuwa na uzito. Asipokubali kabisa, muulizeni daktari kuhusu vidonge vya mofini vinavyofanya kazi kwa muda wa saa 12, vinavyomezwa daku na futari, kama vinapatikana hospitalini kwenu.

*

Dada yangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Harufu imefanya watu waache kuingia chumbani, hata watoto wake. Tunamwosha mara tatu kwa siku, tumenunua manukato ya kila aina. Anajificha chini ya blanketi.
Mdogo wake, Mbeya

Manukato yaacheni. Harufu mbili zikichanganyika chumbani mgonjwa hutapika, na yeye mwenyewe anajua yamewekwa kwa nini.

Harufu hiyo inatengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, na dawa yao ni ya bei ndogo: metronidazoli, vidonge vilevile vya amiba. Kwa kidonda cha nje, kama cha titi, unavisaga viwe unga laini na kunyunyiza hadi kidonda kifunikike, kila unapobadilisha kitambaa. Kwa dada, kidonda kikiwa ndani, muuguzi ataonyesha jinsi ya kuweka kidonge ukeni, au daktari ataandika vya kumeza. Ndani ya siku chache mtaona tofauti. Akiwa anameza, asiguse pombe.

Maji ya kuoshea: nusu lita iliyochemshwa ikapoa, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Msitumie dawa kali za kuulia vijidudu wala spiriti, zinaunguza nyama iliyo hai na kuleta damu. Kitambaa kikigandia msikivute. Kiloweshwe mpaka kiachie chenyewe. Kama kusafishwa kunamuuma, apewe dozi ya ziada ya mofini nusu saa kabla. Vaeni glavu, zikikosekana mifuko safi ya plastiki mkononi. Beseni pana la mkaa mkavu chini ya kitanda hupunguza kilichobaki, na dirisha liwe wazi.

Kwa saratani hii wekeni karibu kanga au taulo za rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva. Damu ikitoka nyingi kwa ghafla, kitambaa cheusi kinapunguza hofu ya kila aliye chumbani, na dada akiwemo. Mmoja amshike mkono, mwingine ampigie muuguzi. Muulizeni mapema daktari kama kuna dawa ya kumtuliza ya kukaa nayo kwa ajili ya saa kama hiyo. Halafu mkishapunguza harufu, rudisheni watoto. Wasilazimishwe kukaa muda mrefu.

*

Nafanya kazi Muscat. Baba yuko Tanga, figo zimekwisha na hataki tena kusafishwa damu. Kila nikipiga naambiwa "yupo tu, mwombee". Tajiri wangu atanipa ruhusa mara moja tu. Nitajuaje wakati wa kuja?
Mtoto wa kwanza

Acha kuuliza "anaendeleaje", maana jibu lake ni adabu tu. Uliza maswali yanayojibika. Juzi alitembea mpaka wapi? Jana je? Leo amekunywa vijiko vingapi? Kwa siku analala saa ngapi? Mkojo wa leo ulikuwa kiasi gani na rangi gani?

Kisha pima kasi. Hali inayobadilika mwezi kwa mwezi kwa kawaida imebakiza miezi. Ikibadilika wiki kwa wiki, wiki. Siku kwa siku, siku. Si kipimo cha maabara, lakini wanaofanya kazi hii wanakitegemea kuliko makisio ya daktari aliyemwona mara moja. Aliyeacha kusafishwa damu huku figo zake hazitoi kitu, mara nyingi huondoka ndani ya wiki moja au mbili. Akibakiza mkojo kidogo, anaweza kwenda zaidi.

Kama wiki hii baba hawezi alichoweza wiki iliyopita, kata tiketi. Ukimkuta anaongea una bahati ya kuomba radhi, kumsikia wasia wake, na kuuliza nani anamdai na nani anadaiwa naye. Wengi husafiri kwa ajili ya mazishi. Kwa ruhusa ya mara moja, tungekushauri uitumie akiwa hai.

Jihadhari na jambo moja. Siku moja au mbili kabla ya mwisho, wapo wagonjwa wanaoamka, wanaomba supu, wanataja watu kwa majina. Ndugu hupiga simu kwa furaha na aliyeko safarini huahirisha. Nafuu ya namna hiyo, ikija kwa mtu aliyekuwa haamki, hailetwi na kupona, na ikipita huwa haikawii. Usiahirishe.

Ukichelewa, simu iwekwe sikioni mwake hata kama hajibu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa hospisi waliokuwa wamepoteza fahamu, na ubongo wa baadhi yao ulikuwa bado unaitikia sauti. Zungumza polepole, taja jina lako kwanza.

*

Mume wangu hajaambiwa kwamba ni saratani. Ndugu zake wanasema akijua atakata tamaa afe haraka. Juzi ameniuliza, "Hivi mimi naumwa nini?" Nikamwambia vidonda vya tumbo.
Nakuru

Aliyeuliza hivyo mara nyingi ameshajua nusu. Ameona uzito ulivyopungua na jinsi mazungumzo yanavyokatika akiingia. Akiuliza tena, usikimbilie kujibu. Mrudishie: "Wewe mwenyewe unaonaje?" Atakachosema kitakuonyesha anataka kwenda mpaka wapi. Kama anasema "naona si vidonda", mwambie kwamba madaktari wamepata kitu kizito, kisha unyamaze. Akitaka jina atauliza jina. Akigeuza mazungumzo kwenda kwenye ng'ombe au shamba, amekwambia leo inatosha.

Shemeji zako msibishane nao mbele yake. Waulizeni kitu kimoja: hati ya shamba iko wapi, na nani anajua namba ya siri ya simu yake? Mtu asiyejua kwamba anaondoka haagi wala haweki mambo sawa, na ugomvi wa mirathi utakukuta wewe ukiwa bado na eda ya huzuni. Kama mazungumzo yanakushinda, Nairobi Hospice, inayofanya kazi hii tangu 1990, na hospitali nyingi kubwa za kaunti zina wahudumu waliofundishwa kukaa na familia kwa jambo hili hili. Waombe waje au mwende.

*

Mama mkwe anahangaika usiku kucha. Anapapasa shuka, anataka kushuka kitandani, anaita marehemu dada yake kana kwamba amesimama mlangoni. Majirani wanasema amechezewa. Juzi wamemfunga mikono na kanga.
Korogwe

Mfungueni. Kumfunga kunaongeza hofu na kuchubua ngozi ambayo haitapona tena.

Kwanza tafuteni kinachomsumbua ambacho hawezi kukitaja. Kibofu ndicho cha kuanza nacho. Weka kiganja chini ya kitovu: ukihisi uvimbe mgumu wa mviringo, au kama nepi imekuwa kavu kwa saa nane na zaidi, mkojo huenda umeziba. Muuguzi wa zahanati akiweka mpira, baadhi hulala palepale, na watu hudhani amepewa sindano ya usingizi. Cha pili, choo kilichoganda. Cha tatu, maumivu, hasa kama dozi ilirukwa kwa kuwa "alikuwa amelala". Cha nne, homa, au joto la chumba chenye watu kumi na tano. Ikibaki kuweweseka bila sababu, zipo dawa za kutuliza, kama haloperidoli, kwa dozi ndogo; mtoa huduma ataandika.

Chumba kiwe na taa hafifu usiku kucha, kwa sababu giza huzidisha. Akae na mtu mmoja anayemjua, asiyebadilishwa kila saa.

Kuhusu dada yake aliye mlangoni, hilo ni la kawaida kabisa kwa watu walio karibu na mwisho, kila dini na kila nchi. Wengi hawaogopi wanachokiona. Msimbishie, wala msijifanye mnamwona. Muulizeni: "Anasemaje?" Ikiwa jibu linamtuliza, basi. Maneno ya kuchezewa yanaumiza waliobaki, huvunja nyumba, na hayamsaidii mgonjwa hata dakika moja.

*

Naomba mnieleze hatua za mwisho zenyewe zinavyokuwa. Babu atafia nyumbani, ndivyo alivyotaka, nami ndiye nitakayekuwa naye. Sitaki kushtuka.
Mjukuu, Musoma

Siku chache kabla, usingizi unachukua sehemu kubwa ya siku, kumeza kunakoma, mkojo unapungua na kuwa wa rangi ya chai ya rangi. Mikono na miguu inapoa kuanzia kwenye vidole, huku kifua kikiwa na joto. Vitabu vingi husema ngozi ya magoti hufanya madoa ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi hilo halionekani vizuri, hivyo tazama viganja, nyayo, kucha na ndani ya midomo, utaona weupe wa kijivu. Mfunike shuka nyepesi. Msimrundikie mablanketi wala chupa ya maji ya moto. Hahisi baridi mnayoihisi mnapomgusa.

Mpaka hapo endelea kumgeuza kila baada ya saa 2, ubavu mmoja, mgongo, ubavu wa pili, kwa kutumia shuka iliyokunjwa chini yake na watu wawili. Kumburuta kunachana ngozi. Mto uwe chini ya ndama za miguu ili visigino vielee. Saa za mwisho kabisa, kama kumgeuza kunamfanya akunje uso, acha.

Pumzi hubadilika. Huwa ya haraka, inazidi kina, inapungua, kisha inasimama kwa sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine karibu dakika nzima, halafu inaanza tena. Wanaokaa kitandani huhesabu na kupiga kelele kila inaposimama. Jiandae kuiona mara nyingi. Mkoromo wa maji kooni ni mate ambayo hana tena nguvu ya kuyameza wala kuyakohoa. Unatisha walio chumbani kuliko unavyomsumbua yeye, ambaye kwa wakati huo fahamu ziko mbali. Mlaze ubavu, inua kichwa cha godoro, acha mate yatoke kwenye kitambaa. Kuyavuta kwa mpira hakufiki yalipo na kunamkera. Daktari anaweza kutoa dawa ya kuyakausha, nayo hufanya kazi zaidi ikianza mapema. Kama anatumia mofini na hawezi kumeza, omba ile kali, ili dozi iwe matone machache yanayowekwa ndani ya shavu. Dozi zisikatwe kwa sababu amenyamaza.

Sasa uamuzi ambao lazima ufanywe mchana, kila mtu akiwa na akili tulivu: saa 8 usiku pumzi ikibadilika, hatutaita bajaji. Wengi waliotaka kufia kitandani mwao wamefia njiani kwa sababu ndugu mmoja aliyefika jioni ile hakuwa ameelezwa. Andika kwenye karatasi babu alivyotaka, pamoja na namba ya muuguzi, ibandike mlangoni.

Kwa Waislamu, alazwe kuelekea kibla kama haimuumizi, na shahada isomwe karibu naye taratibu bila kumsukuma aitamke. Kwa Wakatoliki, padre aitwe kwa Mpako wa Wagonjwa mapema, babu akiwa bado anaweza kuitikia.

Pumzi ya mwisho inaweza kufuatiwa na moja au mbili za kushtukiza baada ya kimya kirefu. Ngoja dakika tano. Kifua kisipopanda, mapigo shingoni yasiposikika na mboni zikibaki pana bila kuitikia mwanga, amekwisha kata roho. Angalia saa, uiandike.

*

Mtu akifia nyumbani ni lazima polisi waitwe? Na ni nini kifanyike kwanza, kabla hata wazee hawajafika?
Bungoma

Kwa kifo kilichotarajiwa, cha ugonjwa unaojulikana, polisi hawaitwi. Wao ni wa kifo cha ghafla, cha ajali au chenye mashaka. Kenya, kifo cha nyumbani kinaripotiwa kwa naibu chifu wa eneo, ambaye hujaza fomu ya D2 na kutoa kibali cha mazishi. Tanzania, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30. Bebeni kitambulisho cha marehemu na barua ya kuruhusiwa hospitali yenye jina la ugonjwa. Barua hiyo huwaepusha na maswali mengi, kwa hiyo iwekwe mahali pamoja tangu siku mgonjwa anaporudi.

Mwilini, kazi ya kwanza haingoji wazee. Ugumu huanza taya na shingo ndani ya saa chache. Mfumbe macho, ukishikilia kope kwa nusu dakika. Funga taya kwa kanga iliyokunjwa ikipita chini ya kidevu hadi utosini, nyoosha mikono na miguu, weka mto chini ya kichwa ili damu isijikusanye usoni, na nepi chini ya makalio, maana kibofu na choo huachia. Kuosha na kukafini vifuate dini na desturi yenu. Waoshaji wavae glavu. Palipomwagika damu au uchafu, tumieni dawa ya klorini ya kufulia yenye asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, iachwe dakika kumi kabla ya kupangusa.

Mofini iliyobaki irudishwe hospisi au hospitali iliyoitoa, pamoja na daftari la dozi. Asipewe jirani mwenye mgonjwa wake, hata akiomba vipi: dozi iliyokuwa sawa kwa mtu aliyeizoea kwa miezi mitatu inaweza kumsimamisha pumzi mtu anayeanza leo.